Roboti Anayechechemea

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo, wewe na meza yako ya kutengenezea saa? Macho yanaendeleaje? Mimi mzima, nimekonda kidogo, usianze. Nakuandikia barua kama ulivyoamuru, maana ulisema ujumbe wa simu ni wa kuagizia nyanya.

Mama, imekwisha! Filamu yangu ya katuni imekwisha. Dakika nne na sekunde kumi, miezi kumi na minne ya kuinamia kompyuta. Ni habari za roboti mzee katika ghala la vifurushi. Wenzake wapya wanateleza tu sakafuni kwa magurudumu. Yeye ameshaandikiwa kupelekwa kwenye vyuma chakavu, na kabla hajaondolewa anapandisha ngazini kifurushi chake cha mwisho. Mwalimu ameichagua ifungue maonyesho ya chuo tarehe thelathini Aprili. Nilipopewa habari nilipiga ukelele, mhudumu wa usafi akadondosha ndoo.

Sasa nikuambie lililonikaa rohoni. Roboti huyu alinishinda kwa miezi. Kila mara mwalimu akimtazama anasema, "Anaelea. Hana uzito. Nani atamwonea puto huruma?" Nikajaribu kila mwendo. Siku moja nikampa kuchechemea kwako, Mama: bega linatangulia, kisha nyonga, halafu mguu unafuata kwa wakati wake. Papo hapo akakanyaga chini. Darasa zima likasogea kumtazama.

Sikukuomba ruhusa. Na mimi ndiye yule yule wa darasa la nne, niliyekuomba uishie getini, usiingie uwanjani, kwa sababu wenzangu walikuwa wakiigiza mwendo wako na kucheka. Leo nataka kuuonyesha ukumbi mzima. Nimekutumia filamu kwenye simu, itazame. Ukisema hapana, naiondoa.

Mwanao, kitinda mimba wako

28 Machi

Mama,

Shikamoo. Siku ishirini na tano zimepita na sijapata hata mstari. Dada anasema u mzima na kazini unakwenda, ila filamu ikitajwa unabadilisha mazungumzo. Mwalimu anadai nakala ya mwisho, nimemwambia asubiri. Ningefurahi hata ungenigombeza. Kama nimekuumiza mara ya pili, sema, nami nitaifuta bila kinyongo.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, macho ni yale yale, na ukiendelea kukonda nitakuja huko na sufuria.

Ni kweli nilikasirika. Niliitazama kwa fundi simu, jirani yangu wa meza, kwa kuwa ana kioo kikubwa. Roboti alipopiga hatua ya kwanza nikajijua, nikatamani ardhi ipasuke niingie. Nikangoja fundi simu acheke. Badala yake akasogeza kiti karibu na kioo! Roboti alipofika juu ya ngazi, fundi akapiga meza yangu kwa furaha, skrubu zangu zote za saa zikarukia sakafuni. Tulizitafuta kwa magoti hadi saa ya kufunga.

Nikaitazama tena nyumbani, mara kumi na moja. Nilikuwa natafuta pale unaponicheka, sikupaona. Ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Mambo ya getini yaliniuma, sitakudanganya. Lakini nilikusamehe siku ile ile kabla hatujala. Mtoto akikunyea kiganja, hukikati.

Kinachonikera ni kingine. Mguu wangu mbovu ni wa kushoto! Wa roboti wako ni wa kulia. Miaka ishirini na mitatu unatembea ubavuni mwangu, na mguu wenyewe huujui? Mimi nikimrudishia mtu saa yake mishale inazunguka kinyume, atanielewa? Kama ni mimi, basi niwe mimi. Rekebisha. Ruhusa umeshapata.

Mama yako

7 Aprili

Mama!

Shikamoo mara mia. Nimecheka, nimelia, hadi mhudumu wa usafi ameniuliza kama nimefiwa.

Kosa ni la kioo. Nilikuwa natembea mbele ya kioo cha kabati nikiigiza mwendo wako, kisha nachora ninachokiona, nikasahau kwamba kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Mwalimu ameshauri niigeuze filamu nzima upande wa pili, lakini namba za vifurushi zitasomeka kinyumenyume. Kwa hiyo narudia hatua zote mia mbili na sita, moja moja. Kila sekunde inabeba picha ishirini na nne, Mama. Wewe unayeshinda na sekunde, nihurumie.

Njoo tarehe thelathini. Nakuomba.

Mwanao

5 Mei

Mwanangu,

Nimefika salama. Miguu imevimba kidogo, kichwa ndicho kimevimba zaidi. Kila anayeleta saa lazima aisikie habari yako kwanza ndipo nimfungulie kifuniko.

Nikuambie usichokiona ulipokuwa jukwaani. Taa zilipowaka, ulisema tu kwenye kipaza sauti, "Kuna mtu naomba aje hapa mbele." Hukunitaja jina, hukusema ni mama yako. Nami nilikuwa nimejibanza safu ya mwisho kabisa. Nikasimama. Maisha yangu yote nikipita mbele ya watu naharakisha, ili niyavuke macho yao upesi, na ndivyo nilivyoanza hata siku hiyo. Hatua ya tatu, binti mmoja kando ya njia akamshika mwenzake mkono: "Ni yeye! Mtazame anavyotembea, ni yeye!" Safu yao ikasimama, ikafuata ya mbele yao, hadi ukumbi wote, mwanangu, makofi na vigelegele, na wewe mwenye filamu hakuna aliyekutazama.

Njia ile ni ndefu, hatua arobaini na kitu mpaka jukwaani. Nilizitembea zote. Sikuharakisha hata moja.

Mama yako