Sanduku la Kidoti

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko kambini, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi kwa mwili hatujambo. Kwa mengine nimekasirika, na kwa kuwa nimefundisha miaka thelathini na miwili, nitakasirika kwa utaratibu.

Wewe ni mpima barabara. Ungemvumilia mtu aliyekuja kung'oa vigingi vyako kabla barabara haijapita? Ndivyo ulivyofanya. Uliingia kwa mwanasaikolojia bila kubisha, ukamkuta mwanao Kidoti akimzika mwanasesere kwenye mchanga, ukabeba sanduku lake la vichezeo na kulimwaga juu ya meza yangu mbele ya wenzako wa kazini uliokuja nao, waamue kama hayo ni matibabu. Dereva wenu akasema basi hata kuku wa kwao ni wagonjwa, maana nao hufukua mchanga kutwa. Mkacheka. Kidoti alikuwa amesimama mlangoni.

Sikiliza sasa, maana siku ile hukunipa nafasi. Mtoto wa miaka saba hawezi kulala kwenye kochi akasimulia yaliyo moyoni kama mtu mzima. Yeye husema kwa kucheza. Ndiyo maana kila mtoto pale ana sanduku lake, na halifunguliwi na mwingine, hata mzazi, hata mimi niliyempeleka kila Jumatano. Mwanasaikolojia haongozi mchezo. Hutazama, husubiri, kisha humrudishia mtoto alichokiona kwa maneno machache. Kidoti, ambaye mwaka mzima alijibu kwa kichwa tu, alikuwa ameanza kuniomba chumvi kwa sauti. Tangu ulipomwaga sanduku, kimya. Halafu unaniandikia kwamba tuache kwenda kwa sababu hakumsaidii! Umeuvunja mtungi, sasa unaulaumu kwa kutoshika maji.

Ulisema pia kwamba kochi la mwanasaikolojia ni la wendawazimu. Basi jua kwamba dada yako hulala juu yake kila Ijumaa tangu mwezi wa tatu. Nilikwenda kudadisi habari za mtoto. Mwanasaikolojia akanijibu kwamba ya mtoto ni ya mtoto, akaniuliza yangu. Majuma mawili nilimweleza habari za shule tu, kwa domo langu hili. Kisha nikajisikia nikisema kwamba mkeo alipofariki, ni mimi niliyekushauri tumwambie Kidoti mama kasafiri. Nilidai tunamkinga. Si kweli. Niliogopa kumwona akilia, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sijamlilia wifi yangu.

Sasa jikaze. Jumatano iliyopita, saa yake ilipofika na mimi nimetii amri yako ya kutompeleka, Kidoti alivaa viatu akaketi kizingitini. Niliketi naye. Nikamweleza kwamba mama yake alikufa, lini, na kwa ugonjwa gani. Sikukuomba ruhusa, na sitakuomba radhi. Hakulia. Aliniuliza, kwa sauti, kama baba anajua.

Nilimwambia kwamba wewe mwenyewe utamjibu. Kwa hiyo omba ruhusa kazini, uje kabla ya Jumatano.

Wasalimie wenzako wote huko, isipokuwa dereva.

Mimi niliyekubeba mgongoni, na ningali na hasira,
Dada yako mkubwa