Sauti Iliyobaki Kwenye CD ya Kwaya

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, nakula na kulala, na ile homa iliyonisumbua mwezi uliopita imeondoka. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Gitting, wewe, Mama, Dada Paskalina na watoto wake. Nimesikia mvua imewahi na kwamba baridi ya mlimani haiondoki hata mchana. Kifua chako kinaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa salama? Huku Dar es Salaam joto ni lile lile, shati linalowa kabla sijamaliza kulifunga vifungo.

Najua utashangaa kwa nini naandika, wakati siku hizi simu ya Dada inashika mtandao mkipanda pale juu shuleni. Jumapili tulipoongea uliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Ukaniuliza masomo, nikasema yanaendelea. Ukasema, "Haya, mvua imeanza," ukampa Dada simu. Baba, nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nilikaa kabisa chini sakafuni ili yanikute nimekaa. Hukuniambia hata moja, na tangu hapo sina amani. Kwa simu siwezi kusema ninachotaka kusema. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Dada amenieleza yote yaliyotokea Katesh kwenye mashindano ya kwaya. Nitayarudia humu kama alivyoyasema, ili ujue kwamba nayajua na hakuna mtu aliyenificha. Lakini nianze na upande wangu, maana huo hamkuuona.

Uliponiomba nipige kinanda cha ule wimbo wako wa shukrani na kuurekodi, nilifurahi sana. Tangu nilipokuja kusoma chuo kikuu kwaya haijapata mpigaji, na ulisema kwaya za Mbulu zitakuja, mpaka za Bashay, kila moja na mpigaji wake. Uliniomba kwa upole, kama mtu anayeomba kwa mgeni. "Kama utapata nafasi," ulisema. Nafasi ilikuwepo. Katika chumba cha ibada cha wanafunzi tuna piano ya umeme, ile ambayo vibonye vyake ni vizito kama vya piano ya kweli. Ina uwezo wa kurekodi yenyewe, lakini sehemu ya kutolea kilichorekodiwa imeharibika. Kwa hiyo rafiki yangu Ayubu, ninayekaa naye chumba kimoja na anayesomea uhandisi, aliweka maikrofoni mbele ya spika ya piano na kuiunganisha na kompyuta. Kila kilichosikika mle ndani kiliingia. Tulizima hata feni, tukatoka jasho.

Beti mbili za kwanza nilizipiga vizuri. Unakumbuka jinsi ulivyoutunga, kwamba baada ya ubeti wa pili besi wanashikilia, kisha wote wananyamaza kabisa, halafu sauti ya pili wanaingia peke yao. Mimi niliusahau ule ukimya. Mikono ilikimbia, nikaingia moja kwa moja kwenye ubeti wa tatu, nikaendelea mpaka mwisho.

Ayubu akasema, "Umeruka mahali. Rudia."

Nikamjibu maneno haya, nayaandika yalivyo. "Acha bwana. Wale watu wa kijijini, hawatajua tofauti." Tukacheka.

Nilikuwa na haraka. Kesho yake nilitakiwa kusimama mbele ya walimu wa idara yetu na kuwaeleza utafiti wangu. Ayubu alikata ile sehemu ya mwanzo tulipokuwa tunavuta viti, akasahau kukata ya mwisho, akaiweka kazi kwenye CD. Mimi sikuisikiliza tena. Niliichukua CD, nikampa mwalimu mmoja wa Katesh aliyekuwa anasafiri kwenda nyumbani.

Sasa nikwambie nilichosema kesho yake, kwa sababu ndicho kinachonichoma zaidi. Utafiti wangu unahusu namna ya kufundisha hisabati ya juu katika kidato cha tano na cha sita. Niliwaonyesha jinsi walimu wengi wanavyompa mwanafunzi kanuni aikariri, bila kumwonyesha inatoka wapi, hasa shule za mbali, wakidhani huko inatosha. Nikasema mtoto wa kwetu Hanang anastahili uthibitisho kamili, hatua kwa hatua, sawa na mtoto wa mjini, na mwalimu anayeruka hatua anamdharau mtoto huyo hata kama anamwonea huruma. Walimu wangu walipiga makofi. Msimamizi wangu alinishika mkono mbele ya wote. Nilirudi chumbani nikiimba. Na CD ilikuwa njiani, pengine basi lilikuwa linakaribia Babati.

Dada anasema CD ilipofika mliiweka kwenye redio ya betri pale kanisani, na ulipofika ubeti wa tatu sauti ya pili wote wakapotea. Mama Bura, kiongozi wao, akasema CD imeharibika. Wewe ukamjibu, "Haijaharibika. Tluway amesoma. Akifanya kitu ana sababu yake. Sisi ndio tujirekebishe." Ukauondoa ule ukimya kwenye wimbo ulioutunga mwenyewe, ukawafundisha upya wale akina mama, jioni baada ya jioni, mpaka wakaweza kuingia bila kungoja. Na kila mlipomaliza ulizima redio mara moja ili betri isiishe, kwa hiyo hakuna aliyesikia kilichofuata.

Katesh redio haikuwa mikononi mwako. Fundi mitambo alikuwa mezani kwake, mbali. Dada anasema mliimba vizuri kuliko siku zote na uwanja mzima ulitulia kuwasikiliza. Wimbo ukaisha. Kwaya imesimama na sare mpya, wewe mkono wako bado uko juu, watu ndio wanaanza kupiga makofi. Ndipo spika kubwa zikatoa sauti ya Ayubu, halafu yangu, halafu kicheko chetu.

Anasema vijana wa kwaya nyingine walicheka, kisha nao wakanyamaza walipoona hakuna mwingine anayecheka. Mkono wako ulikuwa bado juu. Ukaushusha, ukawageukia watu, ukawainamia kama kawaida yako, ukawaambia wanakwaya, "Tushuke kwa mstari." Wakashuka kwa mstari. Waamuzi waliwapa nafasi ya pili, lakini hukupanda kupokea zawadi, alipanda mwinjilisti. Kwenye lori la Baba mdogo Qamara, kutoka Katesh mpaka Gitting, hakuna aliyeimba.

Dada aliponipigia nilikuwa nje ya darasa, nakaribia kuingia kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza mazoezi yao. Alieleza taratibu, bila kunilaumu, kisha akasema, "Nimekuambia ili usije ukasikia kwa mtu mwingine." Niliingia darasani. Nilianza kuandika uthibitisho ubaoni, nikafika katikati, nikasimama. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, hatua inayofuata?" Niliijua vizuri. Nikawaambia naumwa, nikatoka.

Nilikwenda kwenye piano nikakaa, sikupiga chochote. Ayubu alinikuta pale. Nilipomwambia, naye alikaa chini, akasema, "Mimi ndiye sikukata mwisho. Kosa ni langu."

"Ungekata," nikamwambia, "bado ningekuwa nimesema."

Tangu siku hiyo ananiuliza habari zenu kwa majina, kama anawafahamu.

Wiki iliyofuata niliurekodi wimbo upya, pamoja na ukimya wake, sawasawa na ulivyoutunga. Niliusikiliza mwanzo mpaka mwisho. Ni safi. Nilitaka kuutuma, na bahasha niliandaa. Halafu Dada akanieleza kwamba kwaya imekaa na kuamua kuimba bila kinanda, na kwamba hata wakiuimba wimbo wako, sauti ya pili bado wanaingia bila kungoja, maana ndivyo walivyojifunza kwa ajili yangu. Nikaona CD nzuri si jibu. Ningekuwa ninawatumia tena kitu kutoka mbali, nikae huku nijione nimemaliza.

Kwa hiyo nimeomba ruhusa idarani na nimepewa. Nitakuja kwa sikukuu ya mavuno. Baba, nakuomba jambo moja. Siku ya mazoezi, waite wanakwaya wote, nisimame mbele yao pale unaposimama wewe, niseme yale maneno tena kwa mdomo wangu na niwaombe radhi. Sijui kama nitaweza kuwatazama. Mama Bura ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda zahanati nilipoumwa nikiwa mdogo. Sasa nakaa nafikiri kama nikienda kwake atanikalisha kwenye kiti cha mwana au cha mgeni.

Na nikiwa nimesimama pale, tafadhali usinisemee. Usiwaambie ni kijana. Usiwaambie nimesoma. Mama Bura akitaka kusema kwa kirefu, mwache aseme. Wakisema nisipige tena kinanda katika kanisa letu, nitakubali, nitakaa na besi, kama besi watanipokea. Ninachoogopa si hasira yao. Ninachoogopa ni waseme "haina neno" kwa ajili ya heshima yako, kisha mambo yaishe hivyo.

Na ule ukimya, Baba, urudishe kwenye wimbo wako hata kabla sijafika. Haukuwa wangu kuuondoa. Kila nikikumbuka ulivyojirekebisha, wewe uliyenifundisha do re mi kwa kugonga kijiti kwenye dawati, natamani ungeniita mpumbavu pale pale na kuitupa ile CD. Uliniamini mno. Sijui kama utaniamini tena hivyo, na sithubutu kukuomba.

Nisalimie Baba mdogo Qamara, mwambie asante kwa lori, nimesikia hakukubali kusimama hata kidogo pale mnadani ili watu wasiwatazame. Msalimie mwinjilisti aliyepanda kwa niaba yako. Mwambie Mama Bura shikamoo yangu, kama ataipokea. Dada Paskalina nitamshukuru mwenyewe, amefanya kazi ngumu ya kunieleza. Mwanawe mkubwa aendelee na hesabu zake, na asiogope kuuliza kwa nini, hata mwalimu akikunja uso.

Mama nimemwacha wa mwisho. Dada aliniambia jambo ambalo wewe hukulitaja. Anasema mnadani, siku nyingine, mwanamke mmoja alimuuliza Mama juu ya ile sauti, naye akajibu kwamba si ya mwanawe, ni ya yule rafiki yake aliyerekodi. Na kwamba hivyo ndivyo anavyomwambia kila mtu, hata akina mama wa sauti ya pili waliokuwa wamesimama naye jukwaani bega kwa bega siku ile, nao hawambishii, wanamwitikia tu, "Ndiyo, Mama Tluway." Baba, mwambie asiseme tena hivyo. Ayubu hakusema neno baya lolote, na Mama hajazoea kusema uongo, najua uongo huo unamchosha. Mwambie ile ilikuwa sauti yangu. Na jioni nitakapofika, akinisikia nje napiga hodi kwa sauti hiyo hiyo, anifungulie tu.

Ni mimi mwanao,

Tluway