Furushi Nililombebea Mkwe wa Kongo

Zaina mdogo wangu, hamjambo hapo Tabora? Mimi huku Ujiji nanenepa kwa samaki wa ziwani, migebuka.

Mama wa mchumba wa Yusufu wangu, mwanangu fundi boti anayetafutwa na wateja Kigoma nzima, amevuka ziwa kutoka Kongo kuja kujuana nasi. Redio husema Kongo ni vita tu, basi nikambebea hadi bandarini furushi la nguo zetu kuukuu nimsitiri. Loo! Kashuka na kitenge kipya, kilemba juu! Akalifungua, akacheka: "Mama, Kongo ni kubwa! Vita iko mbali na sisi kama Dar na wewe." Yusufu naye: "Mama mkwe umependeza!" Mimi niliyemzaa hakuniona. Niliona wivu, wallahi.

Wabusu wanangu. Nawe ukija harusini, nisifu mimi kwanza, tena kwa sauti.

Dadako, Mama Yusufu