Wafula, Kukhu Ameamka

Wafula ndugu yangu,

Usishtuke kuona mwandiko mzuri hivi. Ni mimi, Brashi. Najua ulizoea kusema ati mimi naweza tu herufi zenye urefu wa mtoto wa nasari, zile ndogo zinanishinda. Leo nimeziweza. Mtu aliyefika Jinja, akafika Mombasa, akachora simba kwenye bucha ya Lwakhakha mpaka mbwa wa Uganda wakakataa kuvuka mpaka, hawezi kushindwa na karatasi.

Kwanza habari yako mwenyewe. Msalaba wako kule Kimilili niliuandika kwa mkono wangu, rangi nyeupe, mara mbili ili mvua isikusumbue. Kabla sijachovya brashi nilimwendea katekista nikamwambia anitajie jina lako herufi moja moja. Ndugu zako walishangaa. Rafiki wa miaka yote hiyo anauliza jina la marehemu? Hawakujua yaliyotupata na kile kibao.

Si unakumbuka ulipofungua ofisi yako ya kupiga chapa hapa Kitale? Ulikuja kwangu ukitaka kibao chenye jina la mlima. Sasa wewe ni mtu wa Bungoma, na mimi wazazi wangu walitoka Nyeri. Kwenu na kwetu, L na R huazimana kama majirani wanavyoazimana chumvi. Ulitaja, nikasikia, nikachora. ERGON. Kazi safi kabisa, na kivuli cha bluu. Ukasimama barabarani ukakiangalia, kisha ukaniambia, "Brashi, mimi nilisema Ergon, bana. Sikusema Ergon." Nikakujibu kwamba hicho ndicho nilichoandika. Tukabishana mpaka mama wa mahindi akavuka barabara kuja kutuamua. Yeye akasema Elgon, tukamwona hajui kitu.

Kwenye leseni na kwenye muhuri ukaandika Elgon kama serikali inavyotaka. Kibao hukukigusa. Kila nilipojitolea kukirekebisha bure, ulisema, "Wacha hivyo. Wateja wamezoea."

Sasa Kukhu. Mpaka leo wateja wageni wakisikia "Kukhu amelala" wanadhani tuna nyanya mgonjwa chumba cha nyuma. Hawajui ni ile kompyuta uliyoichukua kwa wamisheni waliporudi kwao, ukaibatiza nyanya kwa lugha yenu kwa sababu ukiiwasha lazima ikohoe kwanza ndipo ifungue macho. Ulipoondoka, mkeo, shemeji Nekesa, alikaa kwenye kiti chako. Vidole vyake siku hizi ni vyepesi kuliko vyako, samahani lakini ni kweli. Tukaona tutaishi.

Halafu ile shule ya Kiminini, mteja wetu mkubwa, ikaleta neno. Walimu wamepata kompyuta mpya, zina Windows ya tisini na tano, na mitihani yao sasa inakuja kwa disketi. Shemeji akamlisha Kukhu disketi ya kwanza. Kukhu akatapika alama ambazo hata shetani hajui kuzisoma. Shule ikatupa muda mpaka mwisho wa muhula, tukishindwa kazi inakwenda Eldoret. Shemeji akaniambia, "Brashi, hii ikikataa nafunga mlango. Narudi Kimilili nikapande vitunguu." Alisema polepole, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nikajua hatanii.

Nikamwambia aniachie mimi. Unanijua, nikisema hivyo hata mimi mwenyewe huogopa. Lakini nilimpata Chebet, yule anayefundisha kompyuta polytechnic. Nilimchorea bango la harusi ya dadake, kwa hiyo alikuja na sidii ya ile Windows mpya, na diski kubwa aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa, maana tumbo la Kukhu lilikuwa dogo, lisingebeba kitu hicho. Akamfungua Kukhu. Wafula, mavumbi yaliyotoka humo yangetosha kuanzisha shamba.

Diski ikakaa vizuri, skrubu zikakazwa. Chebet akasema kitu kimoja kimebaki, kumjulisha Kukhu kwamba ana tumbo jipya. Kuna mahali pa kuandika hayo, ndani kabisa, kabla mashine haijaamka sawasawa. Akabonyeza, na hapo pakatokea kisanduku kinadai neno la siri.

Ulipafunga wewe, ndugu yangu. Wateja walikuwa wanapachokorachokora, ndiyo maana.

Chebet akasema betri ya kusahaulisha neno imechomelewa kwenye ubao, na akiing'oa vibaya Kukhu anakufuata wewe. Shemeji alikuwa ameshika kiti chako kwa mikono miwili. Mimi nikacheka. Nikawaambia watulie, neno ninalo. Kwa sababu siku ile hospitalini Bungoma, ulipokuwa bado unaweza kuongea, uliniambia, "Neno la Kukhu ni lako, Brashi. Huwezi kulikosa." Nilikuwa nimejivunia hilo mpaka kwa kinyozi. Kompyuta nzima imefungwa kwa jina langu, si mchezo.

Nikaandika BRASHI kwa kidole hiki kimoja chenye rangi. Likakataa. Nikaandika jina langu la ubatizo. Likakataa. Nikaandika BINGWA. Kukhu akaganda, maana ukikosea mara tatu anakasirika, inabidi umzime uanze upya. Shemeji akajaribu majina ya watoto, na lake. Chebet akajaribu ELGON, Kukhu akaganda tena. Mvua ikaanza kupiga mabati, na unajua stima ya Kitale inavyoogopa mvua, tone moja inakatika. Shemeji akasema kwa sauti ndogo, "Wacheni tu." Akaanza kukunja kile kitambaa cha kumfunikia Kukhu.

Nikatoka nje. Nilikuwa na hasira na wewe, sikufichi. Nilisema moyoni, huyu aliniambia nini, kwamba neno ni langu, mimi nina neno gani? Nimeacha shule darasa la sita. Maneno yangu yote yako ukutani.

Nikainua macho. Kibao chako kilikuwa kinachuruzika maji juu ya kichwa changu.

Niliingia nikicheka hivi kwamba shemeji alidhani ninalia. Sikuwa ninalia. Haya, kidogo. Nikamsukuma Chebet na cheti chake pembeni, nikaandika E, nikaandika R. Chebet akasema, "Hapo umekosea." Nikamwambia, "Ngoja uone." Kukhu akafungua mlango kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma yake akitusikiliza.

Kumbe ndiyo sababu ulikataa nikirekebishe.

Basi sidii ikaingia. Kuna mstari unaotembea kuonyesha kazi imefika wapi, na huo mstari, bana, hauna haraka ya mtu yeyote. Taa ikafifia mara moja, ikarudi. Kisha mashine ikauliza, jina la mwenyewe ni nani. Nilitarajia shemeji aandike lako. Akakaa, akafikiri, akaandika Nekesa. Ikauliza, jina la kampuni. Chebet akamkumbusha kwa upole kwamba leseni ukutani inasema Elgon. Shemeji akamjibu, "Leseni haikumjua mume wangu," akaandika ERGON.

Mwishowe kioo kikajaa anga ya bluu na mawingu meupe. Nikawaambia, oneni, Wafula ametuma picha ya huko aliko. Shemeji alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu tukuzike.

Mitihani ya Kiminini imechapwa na imefika, na shule imesema kazi ya muhula ujao ni yetu. Vitunguu vya Kimilili vitalimwa na wengine. Kukhu bado anakohoa asubuhi, lakini sasa anaamka na mawingu yake.

Nakuahidi hili. Mvua hizi zikiisha, kabla shule hazijafunguliwa, nitapanda ngazi nipake kibao upya, na kivuli cha bluu kama kwanza. Watu watasimama chini kunielekeza, hasa yule mama wa mahindi. Wacha waseme. Ile herufi ya pili nitaichora nene kuliko zote, asomaye barabarani asidhani brashi iliteleza.

Msalaba wako unasema Wafula, na ndivyo inavyofaa mbele ya watu. Lakini hapa tuko wawili tu.

Rara sarama, Wafura.

Brashi wako