Shanga za Gauni

Jumatatu, 3 Machi
Madamu, mwenye duka letu la dobi, katuambia leo, mashine zinanguruma. Wateja wamepungua. Jumamosi anabaki fundi madoa mmoja – mimi au Profesa. Profesa akacheka. Eti Madamu, unanishindanisha na Bubu? Bubu ndiye mimi. Naongea, ila si sana. Shule niliishia la tano. Yeye alifika chuo, wakamtimua. Nikikosa kazi, shemeji ananitoa sebuleni kwake. Keshasema.

Jumanne, 4 Machi
Profesa kanifundisha. Yaani kanifanya kichekesho mbele ya wateja. Kanisugua kichana cha plastiki kichwani mpaka ngozi ikawaka, akakisogeza kwenye maji membamba ya bomba. Maji yakapinda! Nimeyaona. Eti kila molekuli ya maji ina pande mbili, huku chanya kidogo, huku hasi kidogo. Ndiyo maana yanavutwa, na yanashikana yenyewe kwa yenyewe. Akamimina dawa yetu ya kufulia, ile inayonuka petroli. Haikupinda. Haina pande. Mafuta nayo vilevile, maji hayayataki, mafuta yanayeyuka kwa mwenzake tu, kama dawa hii.
"Kama Bubu! Kwa watu hachanganyiki. Mpeleke kwa mbuzi uone!"
Mama mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi. Na mimi nikacheka. Ila yote nimeyashika.

Alhamisi, 6 Machi
Gauni la harusi limeletwa. Doa la mafuta kifuani, kubwa kama kiganja. Shanga zake ni za plastiki, mamia, zimebandikwa kwa gundi. Bi harusi anasema walizibandika yeye na mama yake, jioni kwa jioni, miezi minne. Mama hakuwahi kumaliza. Kafariki. Upande wa kushoto kamalizia binti peke yake.
Akaniambia, "Kaka, nitunzie."
Kaka! Hapa dukani hakuna anayeniita hivyo.
Shanga moja ilidondoka. Nikaitia kwenye kifuniko chenye dawa, nione tu. Kabla hatujafunga ilikuwa laini kama bazoka iliyotafunwa. Kumbe plastiki hii ni ukoo mmoja na mafuta! Na gundi pia. Doa hili linataka sabuni na maji, polepole, kwa mkono.

Ijumaa, 7 Machi
Profesa kalikunja gauni, analipeleka kwenye mashine ya dawa. Nikamfuata. Nikafungua mdomo.
"Una neno, Bubu? Andika barua."
Nikaufunga.
Akabonyeza. Mwanzoni shanga zilikuwa zinagonga kioo – ti ti ti ti. Mimi napiga pasi suruali, nasikiliza. Zikapungua. Halafu hakuna. Ningeweza kuizima mashine. Swichi iko karibu na mkono wangu wa kulia. Nikamaliza suruali, nikachukua nyingine.
Akafungua, akalitoa. Kifua kizima uji wa kijivu, umegandia kwenye hariri. Doa la mafuta? Limetoka lote! Halipo kabisa.

Jumamosi, 8 Machi
Bi harusi kaja mapema, na shangazi yake. Madamu akalitandaza gauni kaunta. Shangazi akapiga yowe. Binti hakulia. Anagusa ule uji kwa kidole, taratibu, kama anatafuta kitu ndani yake.
Profesa akaninyooshea kidole. Eti Bubu ndiye kaliingiza.
Madamu kaniuliza, ni wewe? Nikasema si mimi. Nikaeleza dawa, plastiki, gundi, kila kitu kwa mpangilio. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo. Profesa akavua aproni.
Hapo binti akaniangalia.
"Kaka, na wewe ulikuwepo. Ulijua?"
Nikamwambia sikujua, nimegundua baadaye. Akaniamini! Akanishukuru kwa kusema ukweli.
Profesa keshaondoka. Harusi ni saa nane, sasa ni saa nne. Naandika huku nyuma, kwenye stoo. Binti bado kaunta – kagoma kutoka. Anabandua uji kwa kucha, anamwomba Madamu amwite yule kaka, labda anajua namna ya kuokoa hata upande mmoja tu, ule wa mama.
Hakuna namna.
Madamu ananiita. "Fundi!"