Aliyebeba ili Aonekane

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Isansa tu wazima, bibi yako anakusalimu, na mimi bado ndiye mzee mtanashati kuliko wote. Unauliza kama ukatae msaada wa mwenzako chuoni kwa kuwa anapenda sifa. Mimi wa darasa la nne nitakujibu.

Ujanani, mvua ikikaribia, nilimbebea mjane jirani kahawa yake ya mwaka mzima kuiingiza ndani, ili binti yake anione. Yohana, kijana mwenzangu wa pale kijijini, naye akaja kubeba. Nikamnong'oneza mjane, "Mama, huyo anamtaka binti yako."

"Kwani wewe unanitaka mimi?" akauliza. "Bado magunia manne. Bebeni."

Tukabeba. Binti akaolewa na mwingine, kijiji cha Mbebe. Mpaka leo najiuliza kwa nini tamaa ya Yohana niliiona upesi, na yangu nikaiita huruma. Ila kahawa ya mama yule haikulowa.

Babu yako