Jina la Iris Wasylyk Halibandikwi Ukutani

Nyie mnaofungua gazeti la Bresden kwa nyuma, kwenye picha za marehemu, mjue nani kafa kabla ya kujua bei ya ngano: nawajua. Mmeiona picha ya dada yangu na macho yameshateleza kwenda kwenye tangazo la matrekta. Yarudisheni. Mwaka mzima mmetazama pembeni na shingo zenu hazijawauma. Leo tazameni mbele, muda wa kikombe kimoja tu cha kahawa. Mimi nitaongea na dada. Nyie sikilizeni.

Dada Iris,

Mwaka umetimia tangu Alhamisi ile ya Februari ulipokaa jikoni kwako na redio yako, mashindano ya jimbo ya kurling ya wanawake yakitangazwa, na shemeji Metro akimenya viazi. Anasema hukulalamika wala hukushika kifua. "Niliona ameacha kubishana na redio," aliniambia kwenye simu, "ndiyo nikajua." Daktari alimwambia hivyohivyo, na kasisi hivyohivyo. Mpaka leo mtu akimuuliza anayasema maneno yaleyale, haongezi, hapunguzi, kisha anamuuliza kama ameshapewa kahawa.

Mimi sijalia. Watu wananiuliza nawajibu sina nafasi. Kweli yenyewe ni kwamba hakuna kinachotoka. Ni kama mkono uliotoka nje bila glovu kwenye baridi ya Januari: unauona, unajua ni wako, lakini ukiugonga mezani hausemi kitu.

Tunakukumbuka pale dirishani posta. Mtu asipokuja kuchukua barua zake siku mbili, ulifunga dirisha ukaenda kugonga mlango wake. Mzee Ostrander ulimkuta sakafuni, nyonga imevunjika, na paka amekaa juu yake. Mkaguzi alipokuja kutoka mjini kukukaripia kwa kufunga saa za kazi, ulimwambia, "Bwana mkubwa, barua inaweza kungoja. Nyonga haingoji." Halafu ukampa sahani ya pirohi, yale maandazi yetu ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, akala zote, akakukaripia kidogo tena, akaenda zake.

Tunazikumbuka siasa zako ambazo hazikuwa na chama. "Kila uchaguzi nampigia mwingine," ulisema, "wasije wakanizoea." Baba, aliyetundika picha ya kiongozi wa chama chake kando ya picha takatifu ya Mama wa Mungu, alikufa hajakusamehe. Wakuu wa serikali kule Ottawa uliwaita "wale wa kwenye tulipu," kwa yale maua yaliyojaa mji wao. Jirani zetu wa jimbo la Alberta walipoanza tena kelele za kujitenga na nchi, ulisema waende tu, ila watuachie milima. Watu wa Quebec, walioanza zamani kudai kujitenga, uliwaheshimu. "Wale wana akili," ulisema. "Tangu nizaliwe wanaaga, na bado wako mezani wanakula."

Meza ndiyo ilikuwa shule yako, na yangu pia, maana mimi niliacha darasa nikiwa na miaka kumi na tano nikaenda kufanya kazi kwenye ghala la nafaka. Katika mchezo wetu wa kurling, wa kutelezesha mawe barafuni, timu mbili za watu wanne wanne zikimaliza hakuna anayekimbilia gari. Walioshinda huwanunulia walioshindwa kinywaji cha kwanza, na wote wanane hukaa meza moja. Hapo ndipo nilipojifunza bajeti, reli, pensheni, na jinsi ya kumwambia mtu yeye ni mjinga huku unampitishia sandwichi ya mayai. Ulisema wale wa kwenye tulipu wangelazimishwa kukaa meza moja kila wakimaliza kugombana, nchi ingekwenda.

Tunakukumbuka nahodha. Kila jiwe la granaiti lina uzito wa mtoto wa miaka sita, na wewe ulilitelezesha barafu nzima mpaka kwenye duara la upande wa pili kama mtu anayesukuma kikombe kwa mgeni. Sisi tulitangulia mbele ya jiwe na mafagio, tukisugua barafu liende, nawe ukipiga kelele hadi watu wa dukani wanasikia. "Fagieni! Fagieni, jamani, hamkuja kupiga picha!" Wanaume, ambao hucheza Jumanne na sisi Alhamisi, walipotucheka kwamba wanawake hawana nguvu ya kugonga mawe ya wapinzani, uliwajibu, "Mkitaka kuona mawe yakigombana, njooni Jumanne. Mkitaka kuona mawe yakifikiri, njooni Alhamisi."

Na ile fainali ya jimbo naikumbuka hata kama wengine mmeisahau. Jiwe la mwisho lilikuwa letu. Nililifagia mimi mpaka pumzi ikaniisha, likaingia duarani, nawe ukainama kulifagia kidogo lifike katikati. Likafika. Watu nyuma ya kioo wakaruka. Mimi nikatupa ufagio juu. Wewe ukainua mkono.

"Nimeligusa," ulisema.

"Nani kaona?" nilikuuliza.

"Hilo si swali, Bernice."

Nahodha wa timu ile nyingine alikutazama, akatazama jiwe, akalitoa nje kama sheria inavyomruhusu jiwe likiguswa na ufagio. Tukashindwa. Kinywaji cha kwanza wakakununulia wewe. Mezani mlicheka mpaka mkafuta machozi, mimi nikila karanga kando ya ukuta peke yangu.

Kwetu ndivyo ilivyo. Hatuna mwamuzi anayepuliza filimbi. Aliyegusa husema mwenyewe. Wengine hukaa kimya na kungoja, kwa sababu kumnyooshea mwenzako kidole barafuni ni aibu kubwa kuliko kugusa kwenyewe. Watoto wetu hufundishwa hivyo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Ni desturi nzuri. Sasa nitasema ilikotufikisha.

Novemba ile, kabla hujafa, baraza la mji lilituita kwenye ukumbi wa shule. Wanataka kuufunga uwanja wetu wa barafu, ambao mama na wenzake waliujenga kwa kuoka keki za matunda ya porini mpaka mji mzima ukachoka kula keki. Badala yake watajenga jumba jipya kando ya barabara kuu: barafu ya hoki, chumba cha mazoezi, mashine za kukimbia mahali pamoja. Mawe hayamo. Aliyelileta wazo ni diwani Dwayne Lockert, ambaye naye ni mchezaji wa Jumanne, mtu wa kucheka na kila mtu.

Ulisimama kwenye safu ya tatu.

"Dwayne," ulisema, "lile shamba la kando ya barabara kuu ni la nani?"

"Mama Iris, hilo haliko kwenye ajenda."

"Sikukuuliza ajenda, mwanangu. Nimekuuliza shamba."

Watu wakacheka. Meya akagonga meza kwa kalamu. "Bi Wasylyk, tafadhali, tuna mambo mengi."

"Nina moja tu," ulisema. "Dwayne, kule kwetu mtu akigusa jiwe nani husema?"

Akatabasamu. "Mwenyewe, mama."

"Basi. Magoti yangu mabovu lakini nitasimama mpaka useme."

Ukabaki umesimama. Ukumbi mzima ulijua. Shamba lile ni la Kurt Amundson, kaka wa mke wa Lockert. Sheria ya nchi hii inamtaka diwani aseme ana maslahi na atoke nje ya chumba jambo likijadiliwa. Lockert hakusema wala hakutoka. Alipanga karatasi zake. Na nyie mnaosoma, mlikuwepo. Mmoja alikagua viatu. Mwingine aligundua kwamba dari ya shule ina taa. Nilimwona mtu wa Alhamisi, simtaji, akichomoa kitambaa na kufuta miwani iliyokuwa safi.

Nilifungua mdomo. Ukageuka, ukanitazama kama ulivyonitazama kwenye fainali. "Mwache aseme mwenyewe, Bernice."

Nikaufunga. Lockert akabaki kitini, akapiga kura na wenzake, sheria ndogo ya kuufunga uwanja ikasomwa mara ya kwanza na ya pili, ikapita, ukabaki usomaji wa tatu, wa mwisho. Njiani kurudi ulisema, "Atasema. Ana mama mzuri." Ulingoja Desemba. Ulingoja Januari. Ulikuwa ukikutana naye dukani unamsalimia vizuri, unampa nafasi. Februari ukafa ukimngoja.

Hapo ulikosea, dada. Nakwambia sasa kwa sababu ulipokuwa hai nilikuogopa. Desturi ile ni ya watu wanaotaka kesho wakae meza moja. Lockert haitaki meza. Adabu yetu yote ilimwia pazia, na sisi ndio tulioshika kamba.

Alikuja kwenye mazishi. Alilia, na alilia kweli, sina sababu ya kusema uongo. Baraza likaahirisha usomaji wa tatu "kwa heshima ya msiba." Tukawashukuru. Mimi mwenyewe nilishukuru.

Heshima yenyewe ilifika mwezi uliopita, ikakaa jikoni kwako kwenye kiti chako. Lockert alileta mchoro wa jumba jipya. Juu ya mlango, kwa herufi kubwa, wameandika jina lako: Jumba la Iris Wasylyk.

"Mzee Metro," alisema, "mji unataka kumuenzi."

Shemeji aliutazama mchoro. "Ndani kuna barafu ya mawe?"

"Hiyo iko kwenye mipango ya baadaye."

"Sasa jina lake litafanya nini mle? Litasimamia watu wakikaza matumbo?"

Lockert akacheka. Shemeji hakucheka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema atafikiri, kwa sababu siku hizi hata ukimuuliza anataka chumvi anasema atafikiri. Jumapili kanisani tukasikia familia imekubali. Mtu akanipa mkono wa pongezi.

Basi hapa hapa, palipo na picha yako ukiwa na ile sweta mbaya ya kijani uliyoipenda, familia inasema: hatujakubali. Metro hajakubali. Binti yako Tamara hajakubali; alikuja kwa gari kutoka Saskatoon kwenye barafu ya barabarani kuja kusema hivyo mbele ya baba yake, na baba yake akasema, "Hapana. Waambie hapana." Ndilo neno refu alilosema wiki ile. Jina la mtu aliyejitaja mwenyewe fainalini, mbele ya umati uliokuwa tayari unashangilia, halibandikwi juu ya mlango uliofunguliwa kwa kunyamaza.

Mhariri alitaka kunipunguzia maneno. Alisema kumbukumbu huwa fupi, za upole. Nikamwuliza kama dada yangu alikuwa mfupi na mpole. Akaacha.

Wanaokukumbuka ni mumeo Metro. Binti yako Tamara na mumewe Joel. Wajukuu zako Wren na Anton, ambaye ameanza kubishana na redio na hakuna anayemkataza. Wanawake wote wa Alhamisi, hata yule wa miwani. Na mimi mdogo wako Bernice Pohl niliyeandika. Maadamu mmoja wetu anavuta pumzi, nyumba hii haitapita siku bila kukutaja.

Sasa nyie.

Usomaji wa tatu ni Jumatatu hii, saa moja jioni, ukumbi wa shule. Ukipita, mtambo wa kugandisha barafu unang'olewa theluji ikiyeyuka, na mtambo ukishauzwa hakuna mji mdogo kama wetu uliowahi kununua mwingine. Sheria inasema mkazi yeyote anaweza kusimama na kumtaja diwani mwenye maslahi, na akitajwa meya lazima amuulize, naye lazima ajibu mbele ya watu. Bila kura yake hawana wingi. Nimeisoma sheria hiyo neno kwa neno, mimi niliyeacha shule, na aliyesoma kunizidi aje anikosoe.

Sitaki asimame Bernice. Nikisimama mimi watu hutazama saa. Nataka asimame mtu ambaye hawamtarajii. Msingoje Lockert aseme. Amepewa mwaka na miezi mitatu, na mtu mmoja amekufa katika kungoja huko. Maneno ni haya, ni mafupi, hayahitaji ujasiri wa simba: "Shamba ni la shemeji yako. Toka nje." Ukishayasema kaa chini, na aliye kando yako asimame ayarudie.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, ni wewe ninayesema nawe. Jumatatu vaa koti uje.